Redio Inayosikia Lakini Haisikiki

Mtu akikupigia simu akwambie redio imekufa, usikimbilie kubeba redio nyingine. Beba mita ya kupimia, beba msasa, na ubebe masikio ya kusikiliza watu. Nawaambia nyinyi mnaochukua hii kazi kwa sababu mimi nimeshaacha kupanda. Kizunguzungu kilinishika nikiwa juu ya mlingoti, nikakumbatia kile chuma, nikaimba pambio lote mpaka mwisho ndiyo miguu ikakubali kushuka. Daktari akasema, mama, kuanzia leo fanya kazi ya chini. Nikarudisha mkanda wa kupandia. Hamsini bado sijafika, na watoto wangu wanacheka ati nimestaafu kama chifu. Wacha wacheke.

Najua wengi wenu mmesoma kuniliko. Mko na vile vidude vinavyochora tabia ya antena kwa simu, mstari unapanda na kushuka, unaona kila kitu. Vizuri sana, tumieni. Mimi nilianza na mita ya mshale, ule mshale wenyewe ulikuwa unakwama mpaka uupige kibao kidogo. Lakini kuna vitu kidude hakitawaambia, na ndivyo nataka tuongee.

Hii kazi niliingia na ufagio. Fundi Athumani, Mungu amrehemu, alikuwa na karakana mtaa wa Kaloleni hapa Voi. Alikuwa anatengeneza redio za mawasiliano za ranchi, na za skauti wanaolinda mipaka ya wanyama. Mimi kazi yangu ilikuwa kufagia. Siku moja akakosa mtu wa kumshikia ncha ya kebo, nikashika. Kesho yake nikashika tena. Muda si muda nikawa nauliza maswali mengi kuliko ninavyofagia.

"Mama Righa," akaniambia, na alikuwa mtu wa familia za Pwani, Kiswahili chake kimenyooka, "maswali yako sasa yanishinda. Nenda kasome, kisha urudi unisomeshe mimi."

"Nisome saa ngapi, Fundi, na watoto je?"

"Jioni. Kwani watoto hawana baba?"

Basi nikaanza masomo ya jioni. Mchana kebo, jioni hesabu, watoto wanakula kwa shangazi yao. Nilikuwa nasinzia mpaka mwalimu ananigongea chaki mezani. Lakini nilimaliza, na cheti kikaja na jina langu limeandikwa vizuri, nikakipeleka kanisani Jumapili kikaombewe. Mume wangu alikishika kwa ncha za vidole kama mtoto mchanga.

Kitu kilichonisumbua sana ni haya mambo ya kumechi, yaani kulinganisha, antena na kebo. Fundi Athumani alinieleza kwa mfano wa maji yanayopita kwa mpira, sikushika. Nilikuja kuelewa siku tunajenga kanisa letu. Mnajua vile tunafanya: watu wanajipanga foleni kutoka kwa mchanganyiko wa saruji mpaka ukutani, na karai zinapita mkono kwa mkono. Kila mtu akipokea kwa kasi ile ile mwenzake anapeana, saruji yote inafika. Sasa siku hiyo mtu wa mwisho, pale ukutani, alikuwa mzee mmoja anayependa hadithi. Anapokea moja, anasimulia. Karai zikaanza kujazana, tukawa tunarudishiana zikiwa zimejaa, mgongo unauma na ukuta hauendi juu. Nikasimama pale na karai yangu mkononi nikasema, haleluya, kumbe ndiyo hii!

Redio ndiyo inachanganya saruji. Kebo ndiyo foleni. Antena ndiyo mtu wa mwisho. Antena ikikataa kupokea vile kebo inaleta, nguvu inarudi nyuma mpaka kwa redio, na redio inaumia. Redio za siku hizi zina akili, zikiona nguvu inarudi zinajipunguza zenyewe zisiungue. Hapo ndipo utasikia lile lalamiko la ajabu: tunawasikia, lakini wao hawatusikii. Mtu akikwambia hivyo, mshukuru, amekufanyia nusu ya kazi.

Kebo nayo ina tabia yake. Kulikuwa na bwana mmoja pale Maungu, ana gereji ya malori, alikuwa na redio yetu. Kebo ikawa fupi akaiongeza na kebo ya TV. Nikamwambia, "Ndugu yangu, kebo ya hii redio ni ya kipimo cha ohm hamsini. Hii uliyoweka ni ya sabini na tano."

"Si zote ni nyeusi?"

"Hata chai ya rangi na oili chafu zote ni nyeusi. Mbona hunywi oili?"

Alicheka mpaka akaketi kwa tairi. Lakini aliitoa, na tangu siku hiyo akinipigia simu anaanza na, "Mama Antena, nakunywa chai."

Sasa ile nataka mkumbuke zaidi ni ya kule Mata, upande wa Taveta.

Kuna kijiji kimoja huko, mashamba yanapakana na njia ya ndovu. Simu haishiki mpaka upande mwamba ulio nyuma ya shule. Kwa hiyo tuliwawekea redio, mlingoti ukasimamishwa kando ya kanisa kwa sababu ndipo palipoinuka. Mwenye kuishika ile redio alikuwa mama mmoja anaitwa Mama Wakio. Msimu uliotangulia ndovu waliingia kwake wakamaliza mahindi yote, hata ya kuchoma mtoto hakubaki nayo. Mama huyu akaomba yeye mwenyewe kushika redio. Ndovu wakionekana karibu na mfereji, anaita kambi ya skauti, gari linakuja kuwarudisha.

Akanipigia kutoka juu ya mwamba, upepo unavuma kwa simu.

"Mama Righa, hii kitu yenu imenigeuka. Nawasikia kambi kama wako hapa nyumbani. Nawasikia wakibishana nani ameunguza ugali! Na mimi nikiwaambia ndovu wako kwa mfereji, hawanisikii. Nimeita mpaka sauti imekauka."

"Tangu lini?"

"Hii sasa ni wiki ya pili. Na Bwana Mwanyumba ametuma neno. Anasema redio yetu imekaa kimya, kuna kijiji kingine kinaitaka, Ijumaa anakuja kuichukua. Mama Righa, mahindi yangu yamebakisha siku chache tu nivune."

Bwana Mwanyumba alikuwa msimamizi wa skauti, mtu mwema, lakini redio zilikuwa chache na yeye alizipeleka mahali zinapotumika. Kutoka kwake, kijiji kilionekana kimelala. Nikaomba, nikafunga begi, Alhamisi asubuhi nikaondoka Voi, na kutoka Taveta nikaingia huko ndani kwa pikipiki, ngazi nimeikuta kwao.

Nilianza vile nilifundishwa. Betri kwanza, iko sawa. Halafu nikafungua kebo nyuma ya redio, mahali pake nikaweka mzigo wa bandia, kale kakopo kanakojifanya antena na kumeza nguvu yote. Nikabonyeza kitufe cha kuita, redio ikatoa nguvu yake kamili bila wasiwasi. Hapo unajua redio ni nzima, ugonjwa uko mbele. Nikapanda juu, nikafungua kebo kwa antena, nikafunga kale kakopo pale juu, mwisho wa foleni. Nikashuka, nikabonyeza. Bado kuzuri. Kumbe hata kebo ni nzima. Nikarudisha antena: mshale wa mita ukaruka, karibu nusu ya nguvu inarudi.

Sasa antena yenyewe ni kitu rahisi, mikono miwili ya chuma, mmoja unaangalia juu na mwingine chini, kila mkono kama nusu mita. Katikati kuna kipande cha plastiki kinachoitenganisha isigusane. Niliiangalia, inang'aa kama sufuria ya arusi. Nikasema moyoni, hii ni nzuri, kosa litakuwa kwa konekta, kile kiungo cha kebo na antena. Nikakata konekta nikalehemu nyingine. Vile vile. Nikabadilisha tena. Vile vile. Jua limekuwa kali, mama wa watu ananiangalia tu, na mimi najibu, "Karibu tufike, karibu tufike," kama kondakta.

Kwa nje ya kanisa kina mama walikuwa wanachambua pojo. Mwenyekiti wao, Mama Mkawasi, akaniletea uji. Nikanywa, nikaangalia juu, nikamwuliza tu kwa kupiga hadithi, "Hii antena nani aliwaletea mpya?"

Wakacheka wote.

"Mpya wapi!" akasema Mama Mkawasi. "Ni ile ile yenu. Tumeipaka rangi."

"Mmeipaka?"

"Si ilikuwa Jumapili ya mavuno? Tumepaka mabati, tumepaka geti, tumepaka tangi. Ile rangi ya silva ikabaki, na hako kachuma kenu kana kutu, kamesimama kando ya nyumba ya Mungu kama yatima. Tukatuma vijana wa kwaya wakapande. Tukasema wageni wasione aibu."

Nikaweka kikombe chini. Wanangu, rangi ya silva ya mabati ina unga wa alumini ndani yake, nayo inapitisha umeme. Na hawa vijana wa kwaya walikuwa wamefanya kazi kwa moyo wote: wamepaka mikono, wamepaka ile plastiki ya katikati, wameingiza brashi mpaka kwa nyufa. Ile plastiki iliyowekwa kutenganisha ikawa ndiyo inayounganisha. Yule mzee wa mwisho pale ukutani alikuwa amefungwa mikono.

Nikawaeleza pole pole. Mama Wakio akasimama.

"Kwa hivyo mimi naita wiki mbili, nalia hapa peke yangu, kumbe ni rangi yenu?"

"Rangi yetu?" Mama Mkawasi naye akasimama. "Kwani wewe hukuwa kwa kanisa siku hiyo? Si wewe ulisema na juu pia pasiachwe?"

"Nilisema juu ya paa!"

"Ungesema paa!"

Pojo zilisahauliwa. Mimi sikuwa na upande wa kutetea wala muda wa kuamua kesi. Nikatoa msasa kwa begi, nikaukata vipande, nikampa kila mmoja. "Dada zangu, tuombane msamaha tukisugua. Antena naiteremsha sasa."

Wakasugua. Mwanzoni kila mmoja amempa mwenzake mgongo, lakini kile chuma ni kifupi, ukisugua lazima magoti yagusane. Mikono ikarudi kuwa chuma kitupu. Shida ikabaki ile plastiki. Rangi ilikuwa imeingia ndani, kila nikikwangua naona silva nyingine. Ilihitaji kutupwa, na nyingine iko kwa rafu Voi. Jua linaelekea kushuka, na kesho ni Ijumaa.

"Inataka kitu gani?" Mama Mkawasi akauliza.

"Plastiki ngumu, nzito, isiyo na rangi. Kama hivi, unene wa kidole."

Akaingia jiko la kanisa, akatoka na kibao cheupe cha plastiki cha kukatia nyama, kile cha sherehe, chenye alama za visu kila mahali. Akakitia mikononi mwa Mama Wakio, si kwangu. "Mpe akate," akasema.

Kile kibao kilikuwa kizuri kuliko plastiki ya kiwandani. Nikakata kipande kwa msumeno wa chuma, matundu nikatoboa kwa msumari uliopashwa moto, kina mama wakanifungia mikono na boliti. Lakini nafasi katikati ikawa pana kidogo kuliko ya kwanza, na nafasi ikipanuka antena inakuwa kama imerefuka, haikai tena kwa masafa ya redio yetu. Hapo lazima upunguze mikono, na kupunguza ni kwa tupa ya kusagia chuma, pole pole, pande zote mbili sawa. Ukipunguza sana hakuna wa kukurudishia kile kipande. Fundi Athumani alikuwa ananishika kabisa kiwiko nikiwa na tupa: "Wakimbilia wapi, mwanangu? Pima."

Na msipime antena ikiwa imelala chini. Antena chini ni mwongo mkubwa, ardhi inaivuruga, mabati yanaivuruga, hata wewe ukisimama karibu unaivuruga. Niliifunga juu kabisa kwa ngazi ya mti, tukaisimamisha mbali na paa, kina mama wanne wameshika ngazi na kamba za katani. Nabonyeza, nasoma, tunashusha, napiga tupa, tunapandisha.

Tulikuwa tumepandisha mara ya pili wakati mtu alipoita kutoka upande wa mashamba. Ndovu wameonekana. Wako ng'ambo ya mfereji, wanakuja kwa mwendo wao wa kutembea, na mbele yao shamba la kwanza kabisa ni la Mama Wakio.

"Ita sasa!" akaniambia. "Mama Righa, ita hivyo hivyo!"

Mshale ulikuwa umeshuka, lakini bado nguvu nyingi ilikuwa inarudi. Niliwaza. Nikiita hivyo, redio itajipunguza, na kati yetu na kambi kuna kilima. Tutasikika na sisi wenyewe tu.

"Shusheni," nikasema.

"Unashusha tena?"

"Mama Wakio, nishushie."

Aliniangalia kwa macho ambayo sitawaeleza. Halafu akashusha, yeye mwenyewe, kamba inampita mkononi. Nikapiga tupa huku, nikapiga tupa kule, nikafuta unga kwa leso yangu. Midomo yangu ilikuwa inasali bila mimi kuiambia. Tukapandisha. Nikabonyeza, na mshale ukalala chini kabisa, kama mtoto aliyeshiba.

Nikampa maiki.

"Kambi, Kambi, huku ni Mata. Ndovu wamefika kwa mfereji, wanaingia kwangu. Leteni gari. Ova."

Upepo tu kwa spika. Kina mama wameshika ngazi. Halafu:

"Mata? Mama Wakio? Punguza sauti, mama, utatutoboa masikio! Gari linatoka sasa hivi. Tulidhani umeolewa ukahama! Ova."

Mama Mkawasi ndiye alicheka wa kwanza, na karibu aachie kamba.

Ngazi tuliishikilia hapo hapo tusiiguse mpaka gari likaonekana kwa vumbi, taa zimewashwa na honi haikatiki. Jua lilikuwa bado halijazama. Ndovu walisimama, wakatanua masikio, wakafikiria, wakageuka. Mmoja alikuwa ameshaweka mguu ndani ya shamba na kukanyaga mahindi kidogo pembeni. Mama Wakio akasema hayo ni ya mgeni.

Asubuhi ya Ijumaa nilipanda nikaifunga antena mahali pake. Kebo nikaiacha ikining'inia kitanzi kidogo kabla haijaingia dirisha la kanisa, maji ya mvua yadondokee hapo yasifuate kebo mpaka kwa redio. Konekta nikazifunga kwa utepe, kutoka chini kwenda juu, kila mzunguko ufunike ule wa chini kama mabati ya paa. Rangi iliyobaki Mama Mkawasi akaenda kuimaliza kwa mlango wa choo.

Nilikuwa nakusanya vifaa gari la Bwana Mwanyumba liliposimama mbele ya kanisa. Alikuwa ametoka Taveta mapema, habari za jana hazijamfikia, na kwa mkono ana katoni ya kubebea redio. Mama Wakio alikuwa ameketi kando ya ile redio anapukuchua mahindi yake ya kwanza kwenye beseni. Hakusimama.

"Habari ya asubuhi, mama. Pole, lakini nimekuja kwa ile mambo yetu."

"Karibu, Bwana Mwanyumba. Kwa gari lako kuna redio?"

"Iko."

"Basi rudi garini uniite."

"Mama, si niko hapa mbele yako?"

"Naona uko hapa. Rudi garini uniite."

Akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia begi langu. Akaweka katoni chini, akarudi mpaka kwa gari, akafunga na mlango. Tukamwona kwa kioo anachukua maiki.

"Mata, Mata, huku ni Mwanyumba. Unanipata? Ova."

Mama Wakio akapangusa mikono kwa leso, bila haraka, akabonyeza.

"Nakupata vizuri, Bwana Mwanyumba. Hii redio inakaa hapa. Ova."

Yule bwana alikuwa bado hajajibu, maiki iko mdomoni, wakati spika ilipopasuka kwa sauti nyingine, ya kijana wa kambi, kutoka nyuma ya kilima:

"Na sisi huku tumesikia."